Lenzi Uliyoiachia Ziwani

Yuditha mwanangu,

Umekwenda Singe kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi mapema, maana kwake mtu haruhusiwi kuondoka bila kula. Begi lako liko hapa mlangoni, limefungwa kamba kwa sababu zipu imegoma. Nimelipita mara nyingi nikienda jikoni na kurudi, na kila nikilipita nalikwepa taratibu kama vile kuna mtu amelala pale. Mwishowe nimekaa mezani, nikachukua karatasi. Jua bado lipo.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala za kufunga mlango, wala za watu wa Mpanda unakokwenda kazini, ambao mimi siwajui. Wewe ni nesi. Umeshanifokea kwa habari ya dawa zangu za presha, nami nikanyamaza kama mtoto. Ninachotaka kuandika ni jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema tangu mvua za mwaka juzi. Jumapili iliyopita shangazi yako alinishika mkono nje ya kanisa, akaniambia, "Wifi, huyu mtoto anaondoka na mzigo. Anaamini hujamsamehe ile lenzi ya marehemu."

Nilimcheka. Nikamwambia mambo yale yalishapita. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na nguo za kanisani, nimeshika kitambaa cha kichwa mkononi, mpaka wewe ukaja kuniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Basi nivumilie nikianzia mbali kidogo. Mengine unayajua, lakini unayajua kwa upande wako.

Baba yako alikuwa mpiga picha, na alikuwa mpiga picha hasa. Watu wa Babati wa umri wangu, wengi waliooana hapa walioana mbele ya kamera yake. Alikuwa na kile chumba karibu na stendi, na kile kitambaa cha ukutani chenye maporomoko ya maji, na watu walitoka mpaka Dareda kuja kusimama mbele ya maporomoko yale. Akaugua, akaenda haraka. Hatukupata hata muda wa kuzoea neno ugonjwa. Wewe ulikuwa darasa la pili, na siku ya mazishi ulivaa viatu vya shule kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukutafutia vingine.

Asubuhi ile walikuja kuniuliza picha ya marehemu, ya kubebwa mbele ya jeneza. Tukaenda studio, mimi na baba yako mdogo. Tukapekua makabati yote. Tulikuta maharusi, watoto wa komunyo, wachungaji, timu za mpira, hata ng'ombe wa maonyesho amevalishwa utepe. Yeye hayumo. Miaka yote ile alikuwa amesimama upande wa pili wa kamera, na hakuna aliyewahi kumwambia, lete, nami nikupige. Mimi mkewe sikuwahi kumwambia.

Tukaishia kuchukua picha ya harusi yetu, aliyoipiga mtu mwingine, baba yako mdogo akaikata kwa mkasi. Hakuweza kunitoa kabisa. Kwenye fremu, pembeni ya uso wa baba yako, lilibaki bega langu na kipande cha shela. Watu walipita mmoja mmoja kuaga, nami nimekaa pale kwenye mkeka naliona bega langu likiagwa pamoja naye.

Ndipo hofu iliponiingia, Yudi. Sikujua kama ni hofu. Niliiita kazi. Nilifungua studio nikajifundisha kamera, nikaharibu picha za watu, nikaomba radhi, nikajifunza. Na kila nilipokuwa na nafasi nilikupiga picha wewe. Ulipokula nilikupiga. Ulipolala, ulipokuwa unasukwa, ulipokuwa unalia. Nilikuwa nakuja karibu na uso wako mpaka lenzi inapata ukungu wa pumzi yako. Kama ungeondoka ghafla kama baba yako, asingekuja mtu na mkasi tena.

Wewe ulivumilia muda mrefu. Halafu ikaja siku ya kipaimara.

Unakumbuka ulikuwa umevaa gauni jeupe, umesimama uwanjani pa kanisa na wenzako, na mimi nimekuganda. Ukasema kwa sauti ya chini, "Mama, basi."

"Moja tu. Geuka kidogo, jua likupate."

"Mama, basi."

"Hii ya mwisho, mwanangu, inua kidevu."

Ukaiweka mikono yako juu ya lenzi, yote miwili, ukasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye ngazi, "Mama, mimi nipo hapa! Sijafa mimi!"

Mama mchungaji akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mimi nilicheka kile kicheko cha kuficha aibu, nikaishusha kamera, na alama za vidole vyako zilikuwa kwenye kioo. Sikukukasirikia. Nilishindwa tu kujua niiweke wapi mikono yangu, na nadhani tangu siku ile sikujua tena namna ya kukutazama. Bila kamera nilikuwa kama mtu aliyevuliwa miwani. Mwezi wa kwanza ukaenda shule ya bweni, na nyumba hii ikawa kama ilivyo leo mchana huu.

Nikuambie jinsi mtu anavyoishi peke yake Nakwa. Nilikuwa naamka, nafagia uwanja usio na uchafu. Naenda studio, wanakuja wawili au watatu wa picha za pasipoti, maana tayari kila mtu alikuwa na simu yake. Jioni napita sokoni, na nilijifunza kuuliza habari za nyanya taratibu sana, zimetoka wapi, mvua huko ikoje, ili mazungumzo yarefuke. Wenye meza walinijua. Wakiniona nakuja, mmoja alikuwa anaanza kufunga mfuko kabla sijafungua mdomo.

Ile lenzi ndefu ya baba yako, ya kuvuta, ilikuwa ndani ya ndoo ya mchele chini ya kitanda. Aliiweka yeye hivyo ili unyevu usiitie ukungu. Mchele ule hatukuwahi kuupika. Jumamosi moja niliitoa, nikapangusa vumbi la mchele, nikaenda nayo ziwani. Sikuwa na mpango wowote na ndege. Nilikwenda kwa sababu kule kulikuwa na kelele, na nyumbani hakukuwa na kelele. Nikakaa kwenye nyasi karibu na mitumbwi, yangeyange wakawa wanatua na kuruka mbele yangu, nikaanza kuwapiga. Ndege hakwambii basi. Na hakuji kesho kudai picha yake.

Nilirudi na picha za anga tupu. Mkia kwenye kona, ncha ya bawa, halafu mawingu. Nilidhani kosa langu ni kuwa mbali, kwa hiyo nikawa navuta lenzi mpaka mwisho, nikazidi kuwakosa. Mzee Bura mvuvi ndiye aliyenihurumia. Alikuwa akiniona pale kila wiki, akaja akasimama nyuma yangu na harufu yake ya kambale. "Mama Yuditha, unatafuta nini angani? Ndege yuko hapa." Akanipandisha mtumbwini. Tangu hapo tukawa tunatoka pamoja alfajiri, yeye anatoa nyavu, mimi nashika kamera, na kuna wiki nyingi ambazo sikuzungumza na mtu mwingine zaidi ya Mzee Bura, naye si msemaji.

Majini ndege wako karibu kuliko unavyotaka. Hapo ndipo nilipojua kuwa karibu ni kugumu kuliko mbali. Akiwa mbali unavuta lenzi, unamfuata, anakwenda polepole. Akiwa karibu, kidole kikichelewa kidogo tu, umeyakata mabawa kwenye picha. Ilinibidi nijifunze kuirudisha lenzi nyuma, niache nafasi kubwa kuzunguka ndege, nafasi ambayo macho yangu yaliiona kama hasara. Nilijifunza kumtafuta kwanza kwa macho mawili yaliyo wazi, halafu ninyanyue kamera bila kuyatoa macho kwake. Nilijifunza kuwa anaruka kuelekea upepo unakotoka, kwa hiyo ukikaa vizuri atakuja kwako mwenyewe. Na kwamba tai, kabla hajaruka, anainama mbele kidogo na kujisaidia. Hilo Mzee Bura alinifundisha kwa heshima zote. "Akishatoka choo, Mama Yuditha, ujiandae, safari imeiva."

Haya yote nimekueleza zamani kwa maneno ya kazi. Ambalo sikukueleza ni kwamba siku nilipopata picha ya kwanza iliyotulia, ndege mwari anapita juu ya matete na mabawa yake yote mawili yamo, niligeuka nimwonyeshe mtu. Mzee Bura alikuwa ameinama kwenye nyavu. Nikaizima kamera. Nilifika nyumbani nikaiwasha tena, nikaiweka mezani ikinitazama, nikala makande.

Ukamaliza chuo cha uuguzi ukarudi. Nilishangilia kurudi kwako kuliko kufaulu kwako, na Mungu anisamehe kwa hilo. Lakini ajira haikutoka. Uliomba, ukasubiri, majina yakatoka bila lako, ukaomba tena. Wenzako wakapata. Ukaanza kulala mchana. Ukaacha kusuka nywele. Nilikuwa napita mlangoni kwako nasikia simu yako ikicheza video za watu wanaocheka, wewe hucheki. Mama mwingine angeingia akakaa kitandani akakuuliza. Mimi nilisimama pale mlangoni na kikombe cha chai mpaka kikapoa, nikakirudisha jikoni, nikakipasha moto, nikarudi nacho. Tulikuwa watu wawili wapweke tunaotumia choo kimoja.

Asubuhi ile niliyokuambia "Twende ziwani", nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo jikoni. Ulisema, "Kufanya nini?" Nikasema, "Hakuna." Sijui ni nini katika neno hilo kilichokuamsha, lakini uliamka, ukajifunga kanga juu ya suruali ukanifuata.

Mlima Kwaraa ulikuwa umejifunika wingu siku ile. Maji yalikuwa yamepanda kwa mvua. Mzee Bura alifurahi kukuona, akakuambia umekuwa mtu mzima, ukamwamkia "Shikamoo babu", naye akaitikia "Marahaba" ndefu kama wimbo. Tai alikuwa juu ya ule mti mkavu uliosimama majini. Nikakuvalisha mkanda wa kamera, ukasema hutaweza, nikasema hata mimi siwezi, wewe shika tu.

Mzee Bura akainua perege, akapiga mluzi, akamtupa majini karibu nasi. Tai akainama mbele. Akafanya lile la kwake. Ukacheka kidogo, na mimi moyo ukanipiga kwa hicho kicheko kuliko kwa ndege. Halafu akajiachia kutoka kwenye mti, anakuja moja kwa moja, anakua kila anapokaribia, nikawa nakupigia kelele kama kocha, "Rudisha! Rudisha lenzi, Yudi, anakuja karibu, mwachie nafasi!" Ukairudisha. Ukamfuata kwa kiuno, siyo kwa mikono, jambo ambalo mimi lilinichukua msimu mzima. Akashusha miguu, akachukua samaki mbele yetu kabisa, tukasikia upepo wa mabawa usoni.

Ukaangalia kioo cha nyuma. Ukasema, "Mama." Basi, hivyo tu. "Mama, ona."

Niliona. Mabawa yote, makucha, samaki, matone ya maji, jicho limetulia. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizopiga mimi. Lakini niliitazama kwa muda mfupi sana, kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa unacheka mdomo wazi, ukiwa na uso ule wa darasa la pili, na mimi sikuwa na kamera, na sikuitafuta.

Hapo ndipo mtumbwi ulipoinuka.

Hatukumwona kiboko. Mzee Bura alisema baadaye kuwa kiboko naye hakutuona, alikuwa anapita chini kwenda kwake. Nakumbuka mgongo mweusi, halafu maji ya baridi masikioni. Miguu yangu ikagusa tope, maji yananifika kidevuni, nikashika mtumbwi uliopinduka. Mzee Bura alikuwa upande wa pili. Wewe ulikuwa mbali nasi, kwenye kina, huogelei, na mikono yako yote miwili ilikuwa juu ya kichwa, umeinyanyua kamera isilowe. Uso wako ulikuwa unazama na kuibuka. Kamera haikuzama.

Mzee Bura akakunyooshea kasia. "Shika! Mjukuu, shika!"

Ukalia, "Kamera ya baba!"

"Shika kasia!"

"Ya baba, babu, ya baba!"

Ukaenda chini. Mikono ikabaki juu, na lenzi ile ndefu imesimama hewani peke yake. Mimi nilipiga kelele ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi. "Iache! Yudi, iache! Iachie!"

Ukaiachia. Nikaona vidole vyako vinafunguka, nikaona kamera inaanguka pembeni bila hata kurusha maji, na mkono wako ukalipata kasia.

Mzee Bura alikuvuta mpaka kwenye matete, nami nikaja kwa kujishikiza mtumbwi. Ulitapika maji. Kisha ukaanza kusema, "Mama, nisamehe. Mama, nisamehe." Ulisema hivyo njia yote tulipokuwa tunakatiza mashamba ya mahindi ya watu kurudi nyumbani, kanga imekuganda mwilini, huna kiatu kimoja. Na mimi sikukujibu neno.

Yuditha, hilo ndilo nililokalia karatasi hii kulisema. Sikukujibu kwa sababu taya langu lilikuwa linatetemeka na sikuweza kulifungua. Nilikuwa naziona bado zile dakika za mikono yako juu ya maji. Nilikuwa nawaza kwamba mwanangu alikuwa tayari kuzama kwa ajili ya kitu, na aliyemfundisha kuwa kitu kile kina thamani hiyo ni mimi, na ndoo yangu ya mchele. Kesho yake ningeweza kusema. Kesho kutwa ningeweza. Lakini wewe uliacha kutaja, nami nikaona umesahau, nikashukuru. Nikapika, nikafua, nikakununulia viatu vingine, nikadhani viatu vimesema. Kumbe ulikuwa unanisikiliza ninavyonyamaza, na unaandika maana yake mwenyewe.

Lenzi ile sikuililia hata siku moja. Ukitaka kujua nililia nini, nililia vidole vyako vilivyofunguka. Nililia kwa furaha, nje, nyuma ya banda la kuku, ili usinione ukadhani nalilia lenzi. Na ndivyo ulivyodhani, maana shangazi yako ameniambia uliniona.

Na kama baba yako angekuwa pale kwenye maji, Yudi, angekuwa amepiga kelele kuliko mimi. Alikuwa mtu wa kupenda vifaa vyake, ni kweli. Lakini siku ulipozaliwa, ambayo ilikuwa sikukuu, alifunga studio, maharusi wakamngoja mlangoni, akawatuma waende kwa mwenzake.

Baada ya hapo tulibaki na kamera ya studio na lenzi yake fupi, ya kuvuta kidogo tu, na ziwani hatukurudi. Wewe ndiye uliyesema twende Sigino wakati wa kulima. Nilidhani unataka tu kutoka nyumbani. Kumbe ulikuwa umeona kwenye njia ya basi yangeyange wanavyowafuata ng'ombe wa jembe, wanaokota wadudu kwenye udongo uliopinduliwa, karibu kabisa na watu, hawaogopi. Tukawa tunatembea kwenye matuta nyuma ya ng'ombe, tumejaa udongo mpaka magotini, ndege wananyanyuka mbele ya pua zetu. Wewe ulikuwa na subira kuliko mimi. Mimi nilikuwa nabonyeza bonyeza. Wewe ulikaa umeshika kamera kifuani, unatazama, halafu unainyanyua mara moja. Mwenye shamba akauliza, "Huyu binti anapiga au anasali?"

Zile asubuhi za Sigino zimenitosha, mwanangu. Hatukuzungumza mengi. Tulikuwa tunakula viazi vya kuchemsha kwenye kivuli cha mkokoteni na kubishana picha ipi ifutwe. Nilizoea. Hapo ndipo kosa langu la mwisho lilipoanzia, maana nilizoea mpaka nikaacha kuomba ajira yako itoke. Nilikuwa bado nasema maneno ya sala ile kila jioni, na wewe ulikuwa unaitikia amina. Lakini moyo haukuwemo.

Ujumbe ulikufikia shambani. Uliisoma simu, ukaisoma tena. Niliona. Halafu kabla hujafurahi, ulinyanyua macho ukanitazama usoni, kama mtu anayechungulia nje kuona kama mvua inanyesha.

"Nimepangiwa Katavi," ukasema.

"Mbali," nikasema.

"Mbali sana." Ukawa unachezea mkanda wa kamera. "Mama, naweza nisiripoti. Wengine wanafanya hivyo. Tukaendelea hivi hivi, mimi na wewe. Studio naweza kuiendesha."

Nami nikakujibu kwa ukali, "Nani amekuomba ukae? Unadhani nilikusomesha ili uje ufukuze ndege?" Nikachukua ndoo ya viazi nikatangulia barabarani. Nilikuona nyuma yangu unatembea polepole na bega limeshuka.

Nilikuwa mkali kwa sababu jibu la kweli lilikuwa limefika mdomoni. Jibu la kweli lilikuwa, kaa. Kama ningekujibu kwa upole, ungelisikia. Kwa hiyo nililifunika kwa ukali, kama nilivyolifunika lile lingine kwa ukimya, na sasa naona nimekuwa mama wa kufunika sufuria tu, mtoto anakufa njaa jikoni. Leo naliandika ulione lilivyo. Nilitaka ukae. Bado nataka. Na nataka uende, na hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza, japo siyo kwa mbali.

Huko utakuta usiku wa zamu ambao hakuna wa kumweleza. Utafanya kitu vizuri, kama kumpokea mtoto aliyekuja vibaya akalia, utageuka umwonyeshe mtu na utakuta ukuta. Mimi nilipofika hapo nilinyamaza, nikakaa kimya miaka, na kimya kile nikakizoea kama kiatu kibovu. Wewe usinifuate huko. Nipigie simu. Hata kama ni saa mbaya, hata kama huna cha kusema. Sema tu "Mama, ona", nami nitasema naona.

Na upweke wangu usiuchukue kwenye begi. Huo ni wangu. Nimeishi nao kabla hujajua kusoma vizuri, tunajuana. Kesho basi lako la kupitia Singida likishaondoka, nitapita sokoni, mtu atauliza habari za asubuhi, na nitamjibu salama. Haitakuwa kweli. Utaniruhusu huo uongo mdogo kwa muda. Baadaye utakuwa kweli siku moja moja, halafu siku mbili mfululizo, ndivyo huwa. Ukirudi likizo, rudi kwa sababu umepatamani nyumbani. Usirudi kwa kunihurumia, maana nitakutambua hata kabla hujashusha mzigo.

Jua limezama nyuma ya nyumba ya jirani na nakusikia unamsalimia mama yake Neema pale njiani, anakuuliza ni kesho kweli, unasema ni kesho, na sauti yako ina furaha. Haikujizuia. Haikutazama kwanza uso wa mtu. Ngoja niifiche karatasi hii na kukufungulia geti, nikutazame vizuri unavyoingia.

Mama yako,
hapa Nakwa.